Watatu Wanaotutangulia

Kama hukusoma wiki iliyopita, hukukosa kitu cha kufurahisha. Tulifungwa. Kwa kifupi njo hivyo, ndiyo hivyo.

Kwa wanaopenda maelezo: mimi ni Adalbert, kocha wa AS Mugebuka, timu ya mpira, ekipe ya watu wa reli na bandari hapa Kalemie. Tulipewa jina la samaki wa kujivunia, lakini msimu huu mzima wapinzani wanatuita Ndagala, dagaa. Niliwaacha nikiwa kwenye benchi la stesheni, nimelowa mvua, baada ya kufungwa na ekipe iliyokuja na wachezaji pungufu. Simu ikalia. Alikuwa Papa Blanchard, prezidenti wetu, na alisema neno moja tu: "Njoo."

Juzi mama mmoja wa soko la samaki alinishika mkono akaniuliza, "Kocha, ile njoo ilikuwa ya hasira ao ya huruma?" Mama, ilikuwa ya hasira. Nilienda.

Tulikutana kwenye depo yake ya simenti. Komite nzima walikuwa wamekalia mifuko. Hakuna aliyenisogezea mfuko, nikabaki nimesimama na nguo zangu mbichi.

"Kocha," Papa Blanchard alisema, "ekipe imekufa. Tunazika ao tunajenga?"

"Tunajenga, Papa."

"Juu ya nani? Na usiniambie juu ya wote, maana wote njo hawa wanatuletea haya. Taja watatu. Hao wanabaki, tunawazungushia watoto wapya. Wengine warudi kwao. Jumapili ya wiki ijayo ni mechi ya baraji, ya kubaki daraja ao kushuka. Ukipoteza, tunashuka, na mimi natoka. Ekipe inaisha. Jina, jezi, kiwanja, vyote."

Nataka mnielewe hapa. Baba yangu aliichezea Mugebuka alipokuwa fundi wa breki za mabehewa. Mimi niliichezea baada yake, na kazi yake pia niliirithi. Siku hizi treni inakuja inapotaka yenyewe. Ekipe ikifa, nitakuwa mzee fulani tu anayekaa stesheni, na watoto watapita wakiulizana yule anangoja nini.

"Wa kwanza tunamujua wote," Papa Blanchard akaendelea. "Florent."

Florent ni kapteni wetu. Zamani aliwafunga watu wa Lubumbashi goli ambalo mpaka leo wazee wanalisimulia kwenye bia. Siku hizi anaendesha pikipiki ya abiria, na akiingia uwanjani anakimbia kidogo, halafu muda unaobaki anagombana na refa.

"Florent hapana," nikasema.

Papa Blanchard aliinuka kwenye mfuko wake.

"Unasema?"

"Papa, Florent alikuwa muchezaji. Sasa ni picha ya muchezaji. Tukijenga juu yake tutamungojea kila mechi, na watoto watajifunza kungojea."

"Basi nani? Sema."

"Bertin."

Walicheka. Bertin ni kipa. Nyavu zote zilizotikiswa mwaka huu, zilitikiswa nyuma ya mgongo wake.

"Mumemuangalia anapofungwa," nikawaambia, "lakini hamujamuangalia akisha kufungwa. Wengine wanalala chini, wanashika kichwa. Bertin anaingia mwenyewe ndani ya nyavu, anachukua mpira, anaukimbiza mpaka katikati. Kila mara. Mimi nataka muntu wa namna hiyo."

Hawakucheka tena. Nikamtaja wa pili, Kyungu, beki wa kati, kijana asiye na maneno. Hana mbwembwe, hana nywele za kuchora. Mshambuliaji akipita kwake anakumbuka mpaka Jumatano kwamba alipita mahali.

"Na wa tatu Serge."

"Serge wa Mama Emerance? Huyu ni mutoto."

"Njo sababu. Sisi wengine tumeshaisha."

Serge ana mguu wa kushoto ambao mfano wake sijauona tangu nilipokuwa kijana. Mpira unamtii. Anaupiga kwa upole na unafika mbali, na yeye mwenyewe anashangaa. Alianza kucheza kwetu baada ya kaka yake mkubwa, Félicien, kuzama na mtumbwi uliokuwa unatoka Moba. Mama Emerance alimruhusu kwa shida. Aliniambia, "Kocha, ninakuachia huyu mumoja. Sina mwingine." Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Hivyo njo nilimjibu, jamani. Asiwe na wasiwasi.

Papa Blanchard aliniangalia, halafu akavuta pumzi. "Sawa. Watatu hao. Lakini na dawa tutahitaji. Namujua mufumu mumoja, anafunga goli mpira usipite hata ukipigwa na mukono."

"Hapana, Papa. Mimi ni Mukristu. Tukitaka musaada tutaenda kanisani."

Nilisema kwa sauti kubwa ili komite yote isikie. Kumbukeni hilo, mtalihitaji hapo mbele.

Jumamosi nilienda kanisani kweli.

Katekista wetu anaitwa Papa Onésime. Ni muntu mwema, hajui kusema uongo, na ametumwa kwetu hivi karibuni kutoka Mpala. Mpira haujui kabisa. Nadhani anafikiri penalti ni ugonjwa. Nia za watu za kuombewa misa haandiki mahali, anaziweka kichwani, na hilo analionea fahari. Ukimpa jina anakuuliza jambo moja tu: linaingia wapi? Maana kichwani mwake ana mafungu: wagonjwa, wasafiri, wenye kushukuru, na ndugu zetu waliotutangulia, yaani marehemu.

Nilimkuta kwenye ngazi za kanisa. Ndani kwaya walikuwa kwenye mazoezi, ngoma zinapigwa kana kwamba kuna deni nazo, na ilibidi tusemeshane masikioni.

"Papa Onésime, nina watu watatu wa kuombea misa ya kesho."

"Majina?"

"Bertin. Kyungu. Na Serge wa Mama Emerance." Nilisisitiza wa Mama Emerance, kwa sababu kina Serge parokiani kwetu ni wengi, na nilitaka Mungu asikosee.

"Wanaingia wapi?"

Hapo njo nilifungua kinywa changu.

"Hawa njo wanatutangulia," nikasema.

Nilimaanisha mbele. Nilimaanisha uwanjani, wao mbele na sisi wengine nyuma yao. Nilikuwa nimelitafuta neno zuri njia nzima tangu nyumbani, na nilipolipata nilifurahi.

Papa Onésime alishusha macho. Akafanya ishara ya msalaba. "Pole, Kocha. Wote watatu?"

"Wote watatu."

"Pole sana."

Mtaniuliza, hukushtuka? Wiki ile kila mtu alikuwa ananiambia pole. Muuza mikate aliniambia pole. Mtu niliyemkanyaga sokoni aliniambia yeye pole. Nikamshukuru Papa Onésime, nikaenda zangu.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilikaa mbele na mke wangu, Claudine. Bertin na Kyungu walikuwa nyuma karibu na nguzo, Serge alikuwa upande wa vijana. Mama Emerance alikaa benchi la pili, amefunga kitambaa cheusi, kwa sababu siku hiyo alikuwa amemwombea misa Félicien wake.

Kabla padri hajaingia, Papa Onésime alisimama kusoma nia. Wagonjwa wakapita. Wasafiri wakapita. Wenye kushukuru wakapita, na wale watatu wangu hawakutajwa. Nikamnong'oneza Claudine, "Ametusahau huyu."

"Na sasa tuwaombee ndugu zetu waliotutangulia," Papa Onésime akasema. "Félicien wa Mama Emerance. Bertin. Kyungu. Serge wa Mama Emerance."

Kanisa zima likajibu kwa mazoea: "Raha ya milele uwape, ee Bwana."

Na mimi nilijibu. Mdomo ulishamaliza kabla sikio halijafika. Serge mwenyewe alijibu, nilimwona.

Kisha Mama Emerance akageuka. Hakulia, hakupiga kelele. Alitoka kwenye benchi lake, akapita katikati ya vijana mpaka kwa mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamgusa masikio, akamgusa shingo. Halafu akauliza mbele ya watu wote, "Nani alitoa jina la mwanangu?"

Papa Onésime, kama nilivyowaambia, hajui kusema uongo.

"Kocha," akajibu.

Nilijaribu kueleza. Nilisimama pale nikasema mbele, uwanjani, ekipe, kujenga. Kengele ikalia, padri akaingia, tukaimba. Baada ya misa padri alipanda boti kwenda Mpala, ambako angebaki zaidi ya wiki, na hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza kitu.

Kabla ya chakula cha mchana picha ya wale watatu, na jezi zetu, ilikuwa imeshazunguka WhatsApp yote ya Kalemie. Mtu aliwawekea mishumaa. Chini yake wakaandika: Kocha wa Ndagala ametoa watatu.

Kutoa. Mnajua maana yake, kama kafara. Si kutoa uwanjani.

Na kila nilichokuwa nimekifanya kikageuka. Kwa nini alimkataa Florent? Kwa sababu kinachotakiwa ni damu changa. Kwa nini alikataa mufumu wa prezidenti? Kwa sababu alikuwa na wake. Kwa nini alimtaja mama wa mutoto? Wanasema lazima mama atajwe, bila hivyo haishiki. Nilikuwa sijui, lakini mji mzima ulikuwa unajua.

Papa Blanchard alinifuata stesheni, akanivuta nyuma ya behewa bovu. Nilidhani amekuja kunitetea.

"Kocha, mimi sikuhukumu," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kujua kitu kimoja. Jumapili itafanya kazi?"

"Papa, sikutoa muntu."

"Ni sawa, ni sawa. Dawa ya nani njo nauliza. Hiyo ni ya Kigoma ao ya hapa hapa?"

Nikamwacha anaongea na behewa.

Florent naye alikuja nyumbani na kuku mkononi. Alikuwa amevaa vizuri. "Nilikasirika uliponikataa," akasema. "Sasa nimekuja kukushukuru. Muke wangu anakusalimia sana." Aliweka kuku chini akaondoka kwa adabu, na Claudine akakataa kumpika.

Jumatatu mjomba wake Kyungu alikuja mazoezini. Hakunisalimia. Alimtoa kijana uwanjani na viatu vya mpira miguuni, akampakia kwenye boti ya Moba. Kyungu, ambaye hana maneno, aligeuka kuniangalia kama anayetaka kuuliza jambo. Mjomba akamsukuma. Beki wangu akaenda hivyo.

Watoto wapya niliowaalika hawakuja hata mmoja. Wale wa zamani niliowarudisha makwao, nilipowabembeleza warudi, karibu wote waliniambia wako vizuri huko huko. Fikirieni ekipe ambayo wachezaji wanafurahi kufukuzwa.

Serge naye hakuja. Kati ya watatu wangu alibaki Bertin. Alikuja kila siku, na walipofanya mazoezi naye wachache waliokuwepo hawakutaka kumsogelea. Wakimrudishia mpira waliupigia mbali, aufuate mwenyewe.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Kocha, kama nimekufa, magoli yataingia. Na nilipokuwa muzima yalikuwa yanaingia." Akacheka peke yake, akaenda kuchukua mpira ndani ya nyavu.

Nilimrudia Papa Onésime. Sikumfokea, ingawa nilitaka. "Papa, wewe njo ulisoma. Basi rekebisha. Waambie watu ukweli."

"Nitasema, Kocha. Jumamosi, kwenye rozari, watu wanakuwa wengi."

Jumamosi alasiri alisimama mbele ya mama zetu wote wa rozari, akajikohoza, akasema polepole ili kila mtu amsikie: "Ndugu zangu, nilikosea. Bertin, Kyungu na Serge hawajafa."

Halafu mama mmoja nyuma akamwambia jirani yake, na wote tulisikia, "Hawajafa. Bado."

Lile neno likapita benchi kwa benchi. Hawajafa. Hawajafa bado. Wakaanza kujifunika vitambaa vichwani. Nilimngoja Papa Onésime mlangoni, na safari hii nilimfokea.

"Kwa nini hukusema ni wazima? Neno moja. Wazima."

Alinitazama kwa huzuni. "Ningesemaje ni wazima, Kocha, na mumoja wao anaumwa? Ningesema uongo mbele ya altare."

"Nani anaumwa?"

"Hukuambiwa? Serge. Homa imemushika tangu katikati ya wiki."

Nilidhani Serge haji mazoezini kwa sababu mama yake amemkataza. Haki ya Mungu sikujua. Nilikimbia, na umri huu, mpaka kwa Mama Emerance.

Nje ya uzio nilimkuta Florent. Yeye na Mama Emerance wanaishi ukuta kwa ukuta. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, kofia kichwani, ufunguo mkononi.

"Niko tayari tangu jana, Kocha," akasema. Hakuwa na utani tena. "Nimemuambia Mama nimupeleke mutoto hopitali, hataki. Labda wewe. Ao labda wewe njo hapana kabisa."

Mama Emerance alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake, kwenye mkeka, nilimwona Serge. Alikuwa anatetemeka na blanketi, na midomo imekauka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umetoka nje ya blanketi.

"Kocha," akaniita, kwa sauti ya mtu anayetaka kusimama. "Kesho nitacheza."

"Utacheza, baba. Lala." Kisha nikamwambia mama yake, "Mama Emerance, hii ni malaria. Kila muntu hapa anaipata. Pikipiki iko nje. Twende sasa hivi."

"Hopitali wanatibu muntu ambaye hajasomwa," akasema.

"Mama, nakuomba. Mimi nilisema wanatutangulia uwanjani."

"Najua ulisema nini. Papa Onésime alinieleza, nikamuelewa. Sisemi wewe ni mulozi, Adalbert." Lilikuwa jambo la kwanza zuri kuambiwa wiki nzima, na liliniumiza kuliko matusi. "Lakini jina limesomwa na watu wamejibu. Na mimi nilijibu. Siku ile ya Félicien tulisoma tukiwa tumeshazika. Huyu tumesoma mbele. Sasa nafasi yake iko wazi kule, inamungoja. Nikimuchoma sindano, itamungoja. Lazima kuwe na muntu wa kuijaza."

"Muntu gani?"

"Wewe njo ulisema neno. Wewe njo utangulie."

Sikuelewa, kisha nikaelewa.

"Kesho asubuhi," akaendelea, "Papa Onésime asome jina lako, pale pale aliposoma la Serge. Nataka kusikia na masikio yangu. Nikisikia, natoka kanisani, nampandisha mutoto kwa Florent, tunaenda hopitali. Siongezi kitu."

"Na kama usiku homa ikizidi?"

"Ingekuwa unaweza kusomwa leo, ningekuambia leo."

Nilimsukuma kidogo nipite. Ndiyo, nilifanya hivyo, nilitaka kumbeba mtoto kwa nguvu. Mama Emerance hakunisukuma. Alikaa chini palepale kizingitini na kuninyooshea mikono, na sikuweza kumruka mwanamke aliyekaa hivyo.

Nyumbani Claudine alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukisomwa," akasema, "umekubali. Watu watasema, aliwatoa, sasa inamurudia. Bertin peke yake njo atakuja uwanjani kesho. Ekipe ya baba yako imekwisha."

"Na nisiposomwa?"

Alianza kunipigia pasi shati la Jumapili, na nilijua alikuwa ameshakubali kabla yangu.

Niseme wazi, maana nimeahidi kutowaficha kitu humu. Niliogopa. Si kwa ajili ya ekipe. Mimi niliyemkataa mufumu mbele ya komite nzima, mimi Mukristu wa sauti kubwa, niliogopa jina langu lisomwe. Nilijiambia ni maneno tu. Halafu nikakumbuka kwamba haya yote yaliletwa na neno moja tu.

Asubuhi nilimkuta Papa Onésime kwenye ngazi zilezile. Kwa kuwa padri yuko Mpala, ibada ilikuwa yake peke yake.

"Nina jina," nikamwambia.

"Nani?"

"Adalbert."

"Linaingia wapi?"

Kwaya ilikuwa haijaanza, tulikuwa tunasikilizana vizuri sana.

"Natangulia," nikasema.

"Kocha, siwezi kumusoma muntu ninayemuona."

"Serge ulimusoma akiwa anakujibu."

Aliinamisha kichwa, akaingia ndani.

Kanisa lilijaa kuliko Jumapili ile nyingine. Nadhani habari ilishatoka. Papa Blanchard alikuwepo, na kwa kawaida haji mpaka Pasaka. Bertin alikuwa kwenye nguzo yake na begi la vifaa, tayari kwa mechi ya mchana. Sikugeuka kutafuta mtu mwingine. Niliangalia mbele, Claudine amenishika mkono wa shati.

Wagonjwa. Wasafiri. Shukrani.

"Na sasa tuwaombee ndugu zetu waliotutangulia." Papa Onésime akaangalia benchi langu. "Adalbert. Kocha."

"Raha ya milele uwape, ee Bwana."

Sijawahi kusikia parokia yetu ikijibu kwa nguvu namna ile. Nilimsikia Papa Blanchard. Nilimsikia Bertin, maskini, nadhani alidhani ananisaidia. Claudine peke yake hakujibu. Mimi nilisimama, kwa sababu nilitaka Mama Emerance anione, ajue kwamba nimetimiza, atoke aende.

Nikageuka kuangalia benchi la pili.

Nafasi yake ilikuwa tupu. Kitabu chake cha nyimbo hakikuwepo, kitambaa chake hakikuwepo. Alisema atasikia na masikio yake, na hakuja.

Nje pikipiki ikasimama. Ninaijua sauti ya pikipiki ile, inakohoa kabla ya kuzimika. Florent alitokea mlangoni, na vumbi mpaka magotini. Hakuniona. Akamwinamia mzee anayekaa karibu na mlango.

"Papa, Kocha Adalbert iko humu?"

Mzee alikuwa ametoka tu kujibu pamoja na wengine. Hakufikiri.

"Ametutangulia," akasema.

Florent akainua macho, akaniona nimesimama peke yangu katikati ya watu waliokaa. Akavua kofia yake ya pikipiki taratibu, akaishika kifuani. Sikujua kama anaivua kwa sababu ya kanisa, au kwa sababu yangu, au kwa sababu ya abiria aliyembeba asubuhi ile kutoka kwa Mama Emerance kwenda hopitali.